Kubiringisha Kayaki au Kuokoana: Uanze na Lipi?

Ukishaweza kupiga kafi kwenda mbele bila kayaki kuyumba, ukaweza kuigeuza na kuisimamisha unapotaka, unafika njia panda. Njia moja inaelekea kwenye mbiringisho: umepinduka, kichwa kiko chini ya maji, na kwa pigo moja la kafi pamoja na msukumo wa nyonga unarudi juu bila kutoka ndani ya chombo. Njia nyingine inaelekea kwenye uokoaji: umetoka, unaelea kando ya kayaki iliyojaa maji, na wewe au mwenzako mnaigeuza, mnaimwaga maji, unapanda tena. Wanaoanza hutaka zote mbili kwa mara moja, wakamaliza msimu mzima hawajaimudu hata moja.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mtu wa ziwani au baharini, uokoaji utangulie. Kwa mtu wa mto wenye mkondo mkali, mbiringisho hauwezi kusubiri sana, ila hata yeye haanzi nao.

Yanayotangulia njia zote mbili

Mapigo ya kwanza nayapitia haraka kwa sababu hayana ubishi. Nguvu inatoka kwenye kiwiliwili kinachozunguka, mikono inafuata tu. Bapa la kafi linaingia majini karibu na vidole vya miguu na kutoka linapofika nyongani. Kugeuka kunatokana na pigo pana, kafi likichora nusu duara kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, yaani nyuma, huku umeilaza kayaki upande kidogo kwa magoti na nyonga.

Egemeo, yaani kujitegemeza kwa kafi ili usipinduke, ndilo linalostahili muda zaidi. Katika egemeo la chini unapiga uso wa maji kwa mgongo wa bapa, viwiko vikiwa juu ya mpini, kisha nyonga inairudisha kayaki wima. Katika egemeo la juu viwiko viko chini ya mpini na bapa linategemea uso wake wa mbele. La juu lina nguvu kubwa zaidi, lakini ndilo linalotegua mabega: mkono ukipanda juu na kubaki nyuma ya mwili wakati wimbi linavuta, kifundo cha bega hakina kinga. Jifunze la chini mpaka lije bila kufikiri, halafu la juu viwiko vikiwa karibu na mbavu. Hutapoteza muda wako, kwa sababu mbiringisho wenyewe ni egemeo linaloanzia chini ya maji.

Jambo la pili la lazima ni kutoka ukiwa umepinduka. Kabla hujaondoka ufukoni hakikisha kitanzi cha sketi, kile kitambaa kinachoziba tundu la kukalia maji yasiingie, kiko nje, kinaonekana. Ukipinduka, inama mbele uso uwe karibu na sitaha. Hapo uso umekingwa na makalio yanateleza kutoka kwa urahisi. Fuata ukingo wa tundu la kukalia kwa mikono hadi kwenye kitanzi, kivute mbele kisha juu, weka mikono kando ya nyonga na usukume. Ukitoka, usiiachie kayaki wala kafi. Mtu ambaye hajafanya hivi mara nyingi, kwa utulivu, hata akahesabu taratibu kabla ya kuvuta kitanzi, hataweza kubiringisha vizuri, maana akili yake itakuwa inatafuta hewa badala ya kusikiliza kafi.

Mwenye kayaki ya kukaa juu, ile iliyo wazi na yenye matundu ya kutolea maji, hahitaji sehemu kubwa ya mjadala huu. Akianguka ameanguka, hakuna sketi wala tundu la kunasa. Ajifunze kuigeuza, kuipanda kifudifudi katikati, kisha kugeuka na kukaa. Afanye hivyo kwenye kina asichogusa chini, kwa sababu kupanda ukiwa umesimama mchangani hakukufundishi chochote.

Ana kwa ana

Kwa kasi, mbiringisho unashinda bila mjadala. Ni sekunde chache, na maji hayaingii ndani. Uokoaji wa watu wawili waliozoeana ni suala la dakika moja au mbili. Wa kujiokoa peke yako unaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na baada yake bado kuna maji ya kupampu.

Tofauti hiyo ni kubwa kwenye maji baridi. Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili unavyofanya ndani ya baridi, anafundisha kanuni ya 1-10-1: una dakika 1 ya kutuliza pumzi zinazokatika, dakika 10 hivi ambazo vidole na misuli bado vinakutii, na saa 1 hivi kabla ya baridi kukupoteza fahamu. Dakika 10 zile ndizo za kushika kitanzi, kamba na pampu. Kila dakika unayobaki kitini ni dakika ambayo saa hiyo haijaanza kukimbia. Vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya jua: chini ya nyuzi 15 za Selsiasi mshtuko wa baridi ni hatari hata siku ya joto kali.

Kwa muda wa kujifunza, uokoaji unashinda kwa mbali. Watu wawili wenye mwalimu mzuri wanaweza kumudu misingi ya kuokoana ndani ya alasiri moja. Mbiringisho wengine huupata siku ya kwanza na wengine huutafuta kwa miezi, na hata ukishaupata kwenye bwawa la kuogelea bado hujaupata kwenye mawimbi. Unaweza pia kuupoteza: ukiacha kufanya mazoezi kwa kipindi, kichwa kinaanza kutangulia, na siku unayouhitaji haupo.

Hapa ndipo naona wengi wanapojidanganya. Mbiringisho hutakiwa siku mbaya kabisa: umechoka, umepinduka upande usiouzoea, maji yamekuingia puani, na kilichokupindua bado kipo palepale. Ukishindwa mara ya kwanza, mara ya pili una hewa kidogo zaidi. Ukishindwa ya pili utatoka, na ukishatoka kinachobaki ni uokoaji tu. Kwa hiyo anayejua mbiringisho peke yake ana ngazi isiyo na daraja la chini.

Watakaopinga watataja Wainuit, wenyeji wa nchi za baridi kali za kaskazini, na hoja yao ina uzito. Wawindaji wa Greenland walibiringisha kayaki za ngozi ya sili muda mrefu kabla Wazungu hawajajifunza kufanya hivyo. Lakini tazama hali yao. Vazi lao, tuilik, lilifungwa kwenye ukingo wa tundu, usoni na kwenye vifundo vya mikono, kwa hiyo kutoka kulikuwa kugumu. Maji yalikaribia kuganda, na wengi hawakujua kuogelea. Kwao kutoka kayakini kulikaribia kufa, basi mbiringisho ukawa njia ya kwanza na ya mwisho. Ndiyo maana waliuchambua kwa kina kisichopatikana kwingine: mashindano ya kitaifa ya kayaki huko Greenland yana orodha ya mibiringisho zaidi ya 30, mingine kwa kafi, mingine kwa fimbo fupi ya kurushia chusa, mingine kwa mkono mtupu, na mmoja mtu akiwa ameshika jiwe. Mingi kwenye orodha hiyo inajibu ajali fulani, kama kafi kupotea, mkono kunaswa na kamba ya chusa au mnyama kuvuta.

Hata hivyo umahiri huo haukumfanya mtu asife. Gino Watkins, mvumbuzi kijana kutoka Uingereza, alijifunza kayaki kwa watu wa mashariki ya Greenland na akawa hodari wa kubiringisha. Agosti 1932 alikwenda peke yake kuwinda sili. Wenzake waliikuta kayaki yake ikielea, yeye mwenyewe hakuonekana tena. Hakuna aliyeshuhudia kilichotokea. Kinachojulikana ni kwamba hapakuwa na kayaki ya pili karibu.

Kwa mto hesabu inabadilika. Kwenye mkondo mkali, anayeogelea anapelekwa na maji juu ya mawe, anapoteza kayaki, na wenzake wanajiweka hatarini kumfukuzia. Akijaribu kusimama kwenye maji yanayokwenda kasi, mguu unaweza kunaswa katikati ya mawe na mkondo ukamlaza kifudifudi. Nafasi ya kufanya uokoaji uliopangika haipo mpaka mfike kwenye maji tulivu. Hapo sekunde chache za mbiringisho zina thamani isiyolipika. Hata kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, mashindano mapya ya kayaki nne kukimbizana mtoni yalikuwa na sehemu ambayo kila mshindani alilazimika kupinduka na kurudi juu. Mto unaudai mbiringisho kwa namna ambayo ziwa haliudai.

Uokoaji wenyewe, ni upi?

Uokoaji wa herufi T ndio wa kwanza, na nikilazimishwa kufundisha mmoja tu ningefundisha huu. Mwokoaji anaiendea omo ya kayaki iliyopinduka na kuivuta juu ya sitaha yake, kayaki mbili zikikaa kama T, huku aliye majini akisaidia kwa kuikandamiza tezi au akiwa ameshika kayaki ya mwokoaji. Kayaki yenye kiambaza, yaani ukuta wa ndani usiopitisha maji, mara tu nyuma ya kiti inamwaga karibu maji yote papo hapo. Inageuzwa, inalazwa ubavu kwa ubavu na ya mwokoaji, omo ya moja ikielekea tezi ya nyingine. Mwokoaji anailalia na kuikumbatia kwa uzito wake wote. Aliye majini anapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, anajivuta kifudifudi juu ya sitaha ya nyuma, anaingiza miguu na kujigeuza akiutazama upande wa mwokoaji, ili uzito ubaki kwenye kayaki mbili zilizoungana.

Uzuri wake ni kwamba hauhitaji nguvu nyingi za aliyepinduka, na unafanya kazi kwenye mawimbi ambayo njia nyingine zinakataa. Udhaifu wake ni kwamba lazima mwenzako awe karibu, na awe anajua. Mwenzako mwenye kayaki nzuri na asiyejua ni mtazamaji tu. Pia kayaki isiyo na viambaza wala mifuko ya hewa inajaa mpaka haiinuliki. Lita 100 za maji ni kilo 100 ambazo mwokoaji anaziburuta juu ya mapaja yake.

Kujiokoa peke yako kuna njia tatu zinazozungumzwa sana, na hazilingani. Ya boya la kafi inakutaka uvishe boya kwenye bapa moja, ulaze kafi nyuma ya kiti kama mkono wa ngalawa, na upande huku ukiliegemea. Ni ya polepole, lakini inampa nafasi mtu mfupi, mzito au aliyechoka. Kasoro yake ya msingi ni kwamba inafanya kazi vizuri pale ambapo pengine usingepinduka. Mawimbi yaliyokupindua bado yapo, na boya lile linarushwa nayo. Lifungwe mahali unapolifikia kwa mkono mmoja, na uzoee kulivisha vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Ya pili ni kutambaa kutoka tezi: unaikalia kayaki kama unavyokalia mti ulioanguka, miguu ikining'inia pande zote mbili, unasogea mbele mpaka makalio yadondoke kitini, halafu unaingiza miguu. Haihitaji kifaa chochote na wenye mizani nzuri huifanya kwa kasi ya kushangaza. Mzigo ukiwa umefungwa sitahani inashindikana, na mwenye miguu mirefu kwenye tundu dogo atapata taabu ya mwisho, ile ya kuingiza magoti.

Ya tatu inaunganisha njia panda yetu: unaingia kayakini ikiwa bado imepinduka, unakaza magoti, unabiringisha. Kwenye bahari iliyochafuka hii ndiyo yenye nafasi kubwa kati ya zote tatu, kwa sababu huhitaji kupanda juu ya chombo kinachorukaruka. Wanamaji walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na huko ngamani utakuta maji tele: unainuka na kayaki iliyojaa, inayolewa, na huna budi kupampu huku ukijiegemeza. Na bila shaka lazima uwe na mbiringisho.

Ukiniuliza kati ya boya na kutambaa, anza na boya kwa usalama wako, jifunze kutambaa kwa raha, halafu zipime zote mbili siku yenye upepo kidogo, karibu na ufuo. Utaona mwenyewe ni ipi mwili wako unaikubali.

Kati ya uokoaji na mbiringisho kuna daraja ambalo wengi wanaliruka. Unapinduka na hutoki. Unagonga tumbo la kayaki kwa viganja mara tatu, kisha unapeleka mikono mbele na nyuma pande zote mbili. Mwenzako anakuletea omo yake taratibu, unaishika, na unajiinua kwa nyonga. Baharini halitumiki mara nyingi, kwa kuwa mwenzako lazima awe hatua chache tu kutoka ulipo. Kama zoezi halina mfano. Linakufundisha kutulia chini ya maji na kumwamini mwenzako, na juu ya yote linakufundisha ule mwendo wa nyonga ambao bila huo hakuna mbiringisho utakaofanikiwa.

Na mbiringisho, ni upi?

Mibiringisho yote inasimama juu ya kanuni moja: nyonga inageuza kayaki kwanza, kiwiliwili kinafuata, kichwa kinatoka mwisho. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Kikiwa majini, maji yanakibeba. Kikitangulia kutoka, uzito wote unaliangukia kafi, nalo linazama. Silika ya kila anayetafuta hewa ni kuinua kichwa, kwa hiyo unapojifunza mbiringisho unapigana na silika yako mwenyewe. Lalia bega la upande wa kafi, litazame bapa linavyosafiri, na kichwa kitabaki mahali pake.

Edi Hans Pawlata, Mwaustria, anatajwa kuwa Mzungu wa kwanza kujifundisha kubiringisha, mwaka 1927, na mtindo wenye jina lake bado upo: unashika kafi mwishoni, mkono mmoja kwenye bapa lenyewe, ili upate mtaimbo mrefu. Ni rahisi kufanikiwa nao na unampa moyo aliyekata tamaa. Siupendi kama mtindo wa kudumu, kwa sababu unakulazimisha kubadili mshiko chini ya maji na kuurudisha ukishainuka, na wakati huo ndipo wimbi la pili linapofika.

Ushindani wa kweli uko kati ya mbiringisho wa kufagia na ule wa kona. Wa kufagia unaanza umeinama mbele, kafi likilala kando ya kayaki. Bapa linafagia uso wa maji kwenda nje na nyuma, huku nyonga ikigeuza kayaki kidogo kidogo. Wa kona unapeleka kafi mpaka liwe pembe mraba na kayaki, mwili umejikunja kuelekea juu ya maji, halafu kwa msukumo mmoja mkali wa nyonga unajikunja upande wa pili.

Wa kona hufundishika vizuri kwa kuwa una hatua zinazotenganika: andaa, peleka, sukuma. Mwalimu anaona wazi ni hatua ipi imeharibika. Unadai mbavu laini na msukumo wa wakati mmoja, na kayaki yenye sitaha ndefu au mwili usiokunjika upande unaufanya mgumu. Wa kufagia unakubeba kwa muda wote wa safari ya kafi, kwa hiyo unasamehe kuchelewa au kuwahi kidogo. Haisamehewi pembe ya bapa: makali ya mbele yakiinama, kafi linapiga mbizi na wewe nalo. Mimi naupendelea wa kufagia kwa walio wengi, hasa wa baharini. Mwenye mwalimu anayefundisha wa kona vizuri, asimbadilishe mwalimu kwa ajili ya mtindo.

Mtindo wa Greenland wa kumaliza umelala chali juu ya sitaha ya nyuma ndio mpole kuliko yote kwa mwili, maana uzito unabaki karibu na maji mpaka mwisho. Unahitaji sitaha ya nyuma iliyo chini na kiti kisicho na mgongo mrefu. Mtoni siushauri: kulala chali kwenye maji mafupi yenye mawe kunaacha uso na mabega wazi. Huko maliza umeinama mbele, helmeti ikitangulia kukutana na jiwe kabla ya pua.

Mtindo wowote utakaochagua, ufanye pande zote mbili, kulia na kushoto, mapema. Anayeweza upande mmoja tu ana nusu ya mbiringisho.

Mahali

Bwawa la kuogelea lina maji ya joto na angavu, na mwalimu anayesimama kiunoni karibu nawe. Ni pazuri pa kujifunza mbiringisho na pabaya pa kuuamini. Uokoaji unaanzia vizuri ziwani au kwenye ghuba tulivu, halafu unahamia kwenye upepo kidogo, kwa sababu hakuna kinachofundisha kukumbatia kayaki ya mwenzako kama kayaki inayokataa kukumbatiwa. Kibana pua kinasaidia siku za mwanzo; kiache baadaye.

Kwa hali yako

Mnaokwenda wawili au watatu ziwani au kando ya bahari: T mpaka kila mmoja amwokoe mwenzake, mzito na mwepesi, bila kuelekezwa. Kisha boya. Kisha omo ya mwenzako, na kutoka hapo mbiringisho wa kufagia utakuja kwa wakati wake.

Anayelenga mto: kutoka salama, kuogelea kwenye mkondo chali miguu ikiwa juu na mbele, kisha mbiringisho pande zote mbili kabla ya maji ya daraja la III, kwenye kipimo cha ugumu wa mito cha I hadi VI. Na mwenye kamba ya kurusha awe amesimama mahali pa kutupa, akiwa ameshajifunza kuitupa.

Anayekwenda peke yake ndiye anayehitaji yote: mbiringisho ulioukamilisha kwenye mawimbi, kuingia chini na kubiringisha, boya linalofikika, pampu iliyofungwa, nguo za maji, na chombo cha kuita msaada kilicho kwenye jaketi lake mwenyewe. Kikiwa ndani ya kayaki hakimsaidii, kwani kayaki inaweza kwenda na upepo akabaki. Mpaka hayo yote yakae, aende sambamba na ufuo, upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, umbali ambao anaweza kuuogelea akiwa ameshika kayaki.